Barua Zangu Huwapatia Kazi Watu Wote Isipokuwa Mimi

Mpendwa Mshauri,

Nadai, na nitalitetea dai hili mpaka mwisho wa barua, kwamba elimu ikiambatana na bidii bado ndiyo njia ya uhakika kuliko zote ya kumfikisha mtu kwenye maisha ya kujitosheleza, na kwamba wanaosema njia hiyo imeziba wanachanganya kuchelewa na kutofika. Naomba msaada wako, lakini tuelewane mapema: siombi kwa sababu nina shaka na dai langu, naomba kwa sababu shahidi wangu mkuu, ambaye ni mimi mwenyewe, anaelekea kuniangusha mbele ya dada yangu mdogo, na muda uliobaki ni wiki tatu.

Nina umri wa miaka ishirini na sita, nina shahada ya uchumi, daraja la kwanza, na siku ya mahafali mkuu wa idara alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko alivyowashika wenzangu, jambo ambalo picha iliyopo sebuleni kwetu inalithibitisha. Nimesoma vitabu ambavyo kwenye kadi zake za maktaba jina langu ni la kwanza na la mwisho. Tangu nihitimu imepita miaka mitatu, na katika miaka hiyo nimeandika barua ishirini na saba za kuomba kazi, nikaitwa kwenye usaili mara moja tu, ambako mwenyekiti wa jopo aliniambia nijieleze kwa ufupi, nami nikaona haki ni kuanza na chimbuko la taaluma yangu, na kabla sijafika kwenye karne tuliyomo akawa ameshatazama saa yake mara nne na mwenzake ameshamaliza chai.

Wakati nikisubiri ajira, miaka yote hiyo mitatu nimejishikiza kwenye duka la fotokopi lililobanwa katikati ya kinyozi na duka la dawa. Kuna mashine moja ya fotokopi ambayo ikipata joto hulazimika kufunguliwa ubavu na kupepewa kwa jalada la faili, kuna kompyuta moja ambayo herufi tatu za kibodi yake zimefutika kwa kubonyezwa, na kuna benchi la mteja. Mwenye duka ni mama mmoja mchangamfu aliyenibatiza jina la Profesa tangu siku ya kwanza, na jina hilo limesambaa mtaa mzima bila mimi kuulizwa. Kazi yangu hasa ni kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Mteja akiketi, namuuliza maswali matatu: umewahi kufanya nini kwa mikono yako mwenyewe, nani atakutetea akipigiwa simu, na kwa nini unaitaka kazi hii na si nyingine. Namsikiliza, naandika ukurasa mmoja, anasaini, anaondoka.

Sasa hapa ndipo penye ajabu ambayo maadui wa elimu wameifanya silaha. Watu kumi na mmoja niliowaandikia wameajiriwa. Mlinzi yupo kwenye ghala la saruji, mpishi yupo shule ya bweni, dereva anaendesha gari la wagonjwa, na binti mmoja wa mapokezi alirudi na kreti ya soda kunishukuru, akaiweka juu ya kaunta, mbele ya wateja, na kusema, "Profesa, mimi walinipigia simu kesho yake. Na wewe walikuita wapi?" Aliuliza kwa nia njema kabisa. Mwenye duka akawahi kunijibia: "Yeye bado wanamsoma." Watu wakacheka hadi kinyozi akaja kuuliza kuna nini.

Haya yote ningeyavumilia, maana mtu aliyesoma hujifunza kuvumilia wingi wa kura, lakini mambo yamefika nyumbani. Dada yangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama, amefaulu vizuri sana na amepata nafasi chuoni, nafasi ambayo ni lazima aithibitishe kabla mwezi haujaisha, na yeye tangu amalize shule anashinda kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye anasema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kama wake. Barua ya chuo imekaa juu ya kabati siku kumi na mbili bila kujibiwa. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameketi kizingitini akifumua zipu ya sketi ya mtu, nikaona niyamalize.

"Kitinda, mwezi ukiisha nafasi inapotea."

"Tarehe najua kuzisoma, kaka."

"Basi unasubiri nini?"

"Nakusubiri wewe." Akakata uzi kwa meno. "Siku cheti chako kikikupa kazi, mimi nafunga sanduku. Kisipokupa, nabaki na fundi. Cherehani haijawahi kuniuliza uzoefu."

Nikasikia kicheko kutoka jikoni. "Mama, na wewe unacheka?"

"Nacheka sufuria," mama akajibu.

Nilimweleza Kitinda, kwa utulivu, kwamba mfano mmoja hauvunji kanuni, kwamba takwimu za watu wengi ndizo zinazosema kweli na si mkasa wa mtu mmoja, na kwamba mavuno ya elimu ni ya muda mrefu. Alinisikiliza mpaka zipu ikatoka yote. Halafu akasema, "Kaka, watu unawaandikia ukurasa mmoja wanaajiriwa, wewe unajiandikia kitabu. Hata mimi ningekuwa bosi ningekiweka kando nikisubiri likizo." Hiyo, utaona mwenyewe, ni dhihaka isiyogusa kiini cha hoja, na nimeitaja tu ili usije ukadhani naficha maneno ya upande wa pili.

Ili ujiridhishe kwamba tatizo haliko kwenye uandishi wangu, nimeambatanisha nakala ya barua yangu ya karibuni, niliyoipeleka kwa kampuni inayotengeneza matangi ya maji, kwa nafasi ya msaidizi wa afisa mipango. Ina kurasa tisa na tanbihi thelathini na mbili. Tangazo lao lilidai uzoefu wa miaka mitatu, nami nikawathibitishia kwamba sharti hilo linajipinga lenyewe, kwa kuwa kila mwenye uzoefu aliajiriwa mara ya kwanza akiwa hana, hivyo anayelidai anakula matunda ya ukarimu ambao yeye mwenyewe anaukataa. Hawajajibu. Nachukulia kwamba wamekosa la kujibu.

Mshauri, mimi sina ugomvi na cherehani. Ninachokipigania ni kwamba dada yangu asifunge mlango kwa sababu ya bahati yangu mbaya, maana kama akibaki, basi miaka yote ninayomwona akipinda suruali za watu nitajua ni mimi niliyemkwamisha, na hilo sitaweza kulijadili na mtu yeyote. Tafadhali sema, kwa maandishi, kwamba nina haki. Wala usinijibu faraghani. Fundi wake hununua gazeti hili kila Jumamosi, kwanza kulisoma na baadaye kulitumia kukatia mifano ya nguo, kwa hiyo nakusihi jibu lichapishwe katikati ya ukurasa, lisije likawa mkono wa blauzi kabla Kitinda hajaliona. Nadai jibu la hadharani.

Ni mimi,
Mhitimu wa Daraja la Kwanza

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mhitimu,

Mhariri ameniahidi katikati ya ukurasa. Pembeni wamewekewa wauza magodoro na matangazo yao, kwa hiyo tuna nafasi ya kuzungumza.

Nianze na pole, na naisema kwa moyo. Kuandika barua ishirini na saba na kunyamaziwa kunauma, na anayekucheka kwa hilo hajui uchungu wake. Dai lako nalikubali nusu. Elimu bado hufungua milango, lakini tuliosimama mlangoni siku hizi ni wengi, viti vya ndani ni vichache, na wapo walioingia kwa sababu mjomba alikuwa ameshika kitasa. Usimfiche dada yako hilo. Akija kuligundua mwenyewe, hatakuamini tena hata ukimwambia saa ngapi.

Sasa tuje kwenye barua yako ya matangi. Nimeisoma yote, nikiwa nimevaa miwani na kunywa vikombe viwili vya kahawa. Ni nzuri. Nimecheka kwenye tanbihi ya kumi na tisa. Lakini, mwanangu, mpaka nimefika ukurasa wa tisa sijajua kama umewahi kuona tangi la maji. Sijajua unaweza kuwafanyia nini Jumatatu asubuhi. Nimejua tu kwamba wao ni wajinga. Hivi ungekuwa wewe ndiye bosi, ungemwita mtu wa namna hiyo aje akae na wewe chumba kimoja kuanzia saa mbili mpaka saa kumi?

Wale kumi na mmoja hawakukuzidi bahati. Walipata kitu ambacho wewe hujawahi kupata: walikaa kwenye benchi, wakaulizwa maswali matatu na mtu anayesikiliza, na mtu huyo akaandika alichokisikia badala ya alichokisoma. Mtu huyo ni wewe. Unajua kufanya hivyo kwa mlinzi na kwa mpishi, ukifika kwako unafunga masikio. Dada yako amekuambia jambo hilohilo kwa sentensi moja, akiwa na zipu mkononi, nawe ukaliita dhihaka.

Halafu unajiita mtu anayesubiri ajira. Unasubiri ukiwa umeketi kazini. Watu kumi na mmoja wanalisha familia kwa sababu wewe umesoma, na unalihesabu hilo kama aibu yako. Zungumza na mama mwenye duka. Akuandikie kibao mlangoni, na mkubaliane fungu lako kwa kila barua badala ya kukaa hapo kama mgeni aliyeazimwa kiti. Mtu mwenye kibao huulizwa uzoefu wake na ana la kujibu: miaka mitatu, watu kumi na mmoja, wote wanapokea simu. Uzoefu uliokuwa ukibishana nao ulikuwa umekaa mbele yako ukisaini.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Umenieleza mkono wa mkuu wa idara, kadi za maktaba, mashine inayopepewa, kreti ya soda. Umenieleza hata mama yako alicheka nini. Kuhusu dada yako unayetaka kumwokoa, umeniambia amefaulu, amepata nafasi, na nafasi itapotea. Nimeirudia barua yako mara mbili nikitafuta jambo moja dogo na halimo. Anakwenda kusomea nini?

Sidhani umesahau kuliandika. Nadhani hukuuliza. Kwako wewe Kitinda amekuwa kura, anayesema ndiyo au hapana kwenye mjadala wako, na yeye ameliona hilo ndiyo maana amekurudishia mpira. Anayesema "nakusubiri wewe" huenda anasubiri kuulizwa. Na wewe acha kujibebesha lawama ambayo hakuna aliyekutwika. Akienda chuo, aende kwa sababu kuna kitu anataka kukijua. Akibaki na fundi, abaki kwa sababu mkono wake unapenda kitambaa. Cheti chako kisiwe sababu ya lolote kati ya hayo mawili. Na kama ni wa kuchanganya vyote, cherehani huingia kwenye buti la basi.

Basi fanya hivi, na usinibishie. Jumatatu mpeleke Kitinda dukani. Yeye akae kwenye kiti chako, mbele ya ile kibodi iliyofutika herufi, na wewe ukae kwenye benchi la mteja. Akuulize maswali yako matatu. Ujibu kama mpishi alivyojibu, bila karne. Aandike ukurasa mmoja, wewe usiguse, usiongeze tanbihi, usaini, upeleke kwa watu wa matangi au wa popote. Umlipe bei ya mteja.

Kisha mbadilishane viti. Umuulize yeye maswali hayohayo, na ukifika la tatu, kwa nini unaitaka hii na si nyingine, ufunge mdomo mpaka amalize, hata kama mashine ya fotokopi itashika moto.

Ulidai jibu la hadharani, umelipata, na nadhani mtaa mzima umeshalisoma kabla yako. Sasa na mimi nadai langu. Kabla mwezi haujaisha, niandikie hapahapa gazetini, mbele ya wasomaji walewale: dada yako anataka kusomea nini, na kwa nini. Ukurasa mmoja.