Kitufe cha Kuzima Mashine

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kiamunyi tu wazima, na ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza mnunue paneli gani ya vitufe vya kuendeshea mashine huko kiwandani kwenu.

Miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye kiwanda cha unga hapa Nakuru. Mwenye kiwanda, Mzee Harbans, alileta bodi mpya ya vitufe. "Mama, funga macho uzime," akaniambia. Nilishindwa, vyote vilifanana. Akaamuru cha kuzima kiwekwe kando, kikubwa.

Siku moja mkanda wa mashine ulinasa leso ya Rosa, mwenzangu. "Zima!" alilia. Vumbi la unga lilinifunga macho, lakini mkono ulikipata kitufe, mashine ikasimama.

Kabla hamjanunua, wapeni waendeshaji paneli waishike kwanza, macho wamefunga.

Rosa bado tunakaa naye benchi moja kanisani, na bado anaimba vibaya.

Nyanya yako