Mashine ya Mama Haizimwi

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, Msimbazi matope matupu, na mimi nina furaha ya kijinga.

Shajara, wiki hii Mama nusura anifanye nimchukie. Leo nampenda kuliko jana.

Jumatatu alifika dukani kwetu Kariakoo, tunauza vitenge kwa jumla, akakuta kompyuta inaikataa nywila yake. Mtu alikuwa ameibadilisha. Hilo analiweza msimamizi mkuu wa mashine tu, na msimamizi ni Mama mwenyewe. Anayekaa pale kutwa ni Nasra, muuzaji wetu, na kumbukumbu za mashine zilionyesha mambo yameanzia kwenye akaunti yake. Mama akamfukuza papo hapo. Nasra akaaga kwa heshima, akavuta ushungi wake, akaondoka.

Nasra ni rafiki yangu. Na kazi yangu huko Posta ni usalama wa kompyuta. Ningekaaje kimya?

Jana nikaomba ruhusa ofisini, nikaikalia ile mashine. Kumbe Nasra alifungua michoro ya vitenge aliyotumiwa na "mteja" WhatsApp, na ndani yake mna programu chafu. Sawa, alikosea. Lakini akaunti yake inaruhusu kuuza tu, kwa hiyo programu hiyo ilipaswa kuishia hapo, kama mteja anavyoishia kaunta. Haikuishia. Ilianza kwa jina la Nasra, ikazaa nyingine yenye madaraka ya msimamizi mkuu, na katikati hakuna aliyeulizwa nywila. Nasra hawezi kujipandisha madaraka hivyo, hata angetaka. Hilo ni tundu kwenye kerneli, moyo wa mfumo unaoamua nani aguse nini.

Na kiraka cha tundu hilo nilishakiweka mimi mwenyewe!

Nikaangalia kerneli inayotumika. Ya zamani.

Maana kiraka kile hakishiki mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya, na mashine ya Mama haizimwi. Iliwahi kuzimwa tukijiandaa kwenda Moshi Krismasi, duka limefurika, ikagoma kuwaka. Tangu hapo kila jioni anaifunika kanga na kuiacha ingurume. Nikimwambia tuizime, jibu ni moja: "Unataka kuniua?"

Kumwambia mama wa Kichagga kwamba tatizo limeanzia kwake kunataka moyo. Nilimweleza nikiwa nimesimama karibu na mlango. Akauliza kitufe kiko wapi, akakibonyeza mwenyewe huku anasali. Ikawaka. Bado lazima niifute yote na kuipanga upya, maana huenda yule "mteja" ameacha mengine ndani, lakini hilo sikuthubutu kulisema.

Leo alinunua mkungu wa ndizi, tukaenda kwa kina Nasra. Mbele ya mama yake mzazi, bila kuzunguka, Mama akasema, "Nasra, nimekuonea. Nisamehe, mwanangu." Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Machozi yalinitoka, jamani.

Nasra alizitazama ndizi, kisha akamtazama Mama.

"Kesho nitakuja kazini, mama. Ila leo niache nikasirike."

"Kasirika, mwanangu. Ni haki yako," Mama akasema, akavuta kiti, akakaa naye.