Mkono Wako wa Kushoto Uko Wapi?

Salma, mjukuu wangu uliyeniachia nyumba kimya,

Sabuni zako zimefika hapa Lewisham, London, salama. Moja nimeshaanza kuitumia, nyingine nimeziweka kabatini katikati ya kanga zangu. Ahsante. Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa Kiingereza: mbona katika picha zote ulizonitumia kutoka huko Ufaransa unaonekana mkono mmoja tu?

Miye skuli sikumaliza, lakini macho ninayo. Picha moja mkono wa kushoto uko nyuma. Nyingine umo mfukoni. Nyingine umeufunika kwa aproni. Baba yako ananambia, "Mama, ni pozi tu, vijana ndivyo wanavyopiga." Pozi gani hilo la mkono mmoja?

Unakumbuka uliponikokota mpaka Marseille? Njia nzima kwenye treni nilinung'unika. Nilikwambia sabuni ya Kizungu naijua tangu nilipokuja London: dukani inanukia, ukifika nayo nyumbani inayeyuka. Halafu tukaingia karakana ya yule mzee mpika sabuni, sufuria kubwa kama chumba chako linatokota, akanitazama akasema, "Savon." Nikamwitikia, "Ndiyo, sabuni." Nikakugeukia: "Kumbe huyu anajua Kiswahili." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Cheka tu. Neno ni lile lile.

Nikakwambia muulize kama humo mna nguruwe. "Bibi, plizi." Nikakukazia jicho, ukauliza. Akasema mafuta ya zeituni matupu. Kisha akachota kidogo kwa kijiti, akaiacha ipoe, akaigusa kwa ulimi.

Hapo ndipo nilipoacha kunung'unika, na weye ukadhani nimechoka. Marehemu mama yangu alifanya vivyo hivyo kule Unguja. Miaka ile baada ya Mapinduzi, sabuni ilipoadimika madukani, alipika mwenyewe uani, mafuta ya nazi na maji ya majivu, akionja kwa ulimi. Ikiuma ulimi, bado haijaiva. Sisi tuliona ni shida tu inamfanyisha. Ilibidi niende mpaka kwa Wafaransa nikamwone mzee wa watu anafanya jambo lile lile kwa madaha, tena wageni wamekuja kumtazama, ndipo nikajua mama yangu alikuwa fundi.

Ila kuna jambo sikukwambia siku ile, maana ulikuwa umefurahi, na ulishamwambia yule mzee unataka kubaki ujifunze. Yale maji ya majivu yalimrukia mama yakichemka. Akaufunga mkono kitambaa, akauficha ndani ya kanga. Akipika kwa mkono mmoja, akifua kwa mkono mmoja, tukimuuliza anasema hapana kitu. Mpaka baba alipomfunua, vidole vilikuwa vimeshikana, na havikukunjuka tena mpaka tunamzika. Na nyinyi huko majivu hamtumii, mnatumia kostiki, ile dawa kali ya dukani, na mwenyewe uliniambia inatoboa hata kiatu.

Tangu nizione picha hizo sina raha. Nikienda sokoni nasahau nilichofuata. Juzi basi limenipitisha kituo, nimekaa natazama simu, naivuta picha ikue, kana kwamba nikiivuta sana mkono utatokea.

Usinambie uko sawa. Mama naye alisema yuko sawa. Kazi sikukatazi. Sabuni ni nzuri, povu lake dogo lakini ngozi inabaki laini, na jirani nimeshamtambia kuwa mjukuu wangu kaipika. Lakini ikiwa umeungua, hospitali zipo huko. Na ikiwa huyo mzee wako hakupi glavu, mpe simu niseme naye. Neno moja tunaelewana, mengine atayajua kwa sauti yangu.

Nitumie picha leo. Sura yako sitaki, naijua. Nataka mikono, yote miwili, viganja juu na vidole vimekunjuliwa, kama unaomba dua.

Nimekaa, simu iko mapajani.

Bibi yako