Joho la Kukodi

Jumapili, 7 Septemba 2025
Kwanjula, sherehe ya mchumba wangu kujitambulisha kwetu, imekwisha. Nasif na ukoo wake wamepokelewa nyumbani kwetu. Ami Kamis, msemaji wetu, alisimama hemani akawaambia wageni: "Huyu si ndizi za soko la Kalerwe, mkabonyeza mkaenda zenu. Huyu ana digrii!"
Vigelegele! Nina diploma tu. Baba alipofariki, chuo kikuu kilikufa naye. Nilikuwa nimepiga magoti mkekani, macho chini. Bibi harusi hamkatizi msemaji.
Baadaye nilimfuata ami. Akacheka: mwanangu, nani hutangaza diploma kwenye kwanjula?

Jumatatu, 8 Septemba
Ofisini, Nakawa. Nimekosea hesabu za mizigo tena. Bosi wangu, Mama Alanyo, hakumaliza hata sekondari, na malori yote uani ni yake. Nilimuuliza, kama utani, digrii ina faida gani. "Mimi nawaajiri wenye digrii!" Lakini binti zake wote kawapeleka chuo kikuu. Nikamuuliza: kwa nini, basi?
Akajibu: "Mimi watu wananisalimia kwa ajili ya malori. Wao nataka wasalimiwe bure."
Nilikwenda chooni nikalia.

Jumatano, 10 Septemba
Mama yake Nasif kapiga simu. Anataka picha yangu ya mahafali. Ukutani sebuleni kwake watoto wake wote wamevaa majoho — nafasi yangu ipo tayari. Nikasema ndiyo, mama, iko kwa fundi wa fremu. Uongo wangu mwenyewe sasa, si wa ami!
Nimwambie Nasif? Anampenda nani — mimi, au yule aliyesifiwa hemani?

Ijumaa, 12 Septemba
Studio ya picha. Hapa hukodisha majoho. Nimevaa. Linanuka jasho la mtu mwingine. Okwir, mpiga picha, kanitania: "Sista, cheka! Umesoma miaka yote hiyo, halafu uso wa matanga?"
Nikakimbilia nyuma ya pazia. Naandika hukuhuku.
Simu — Nasif. Mama yake kamwambia habari ya fremu. Anataka kuilipia yeye. Fundi yuko wapi? Nikataja mtaa huu. Mjinga mimi! Alikuwa barabara ya pili tu.
Namsikia mlangoni, anaulizia fremu ya Sumayiya. Okwir, mchangamfu: "Karibu, ndugu! Yuko nyuma ya pazia, anavaa joho."
Naona viatu vyake chini ya pazia. "Sumayiya? Joho la nini?"
Naweza kulivua nikamdanganya tena. Bado nimelivaa; nafungua pazia.