Baridi Ikiisha, Baba Anaondoka

Alhamisi, Agosti inamalizikia. Asubuhi hapa Chimwaga, Dodoma, kulikuwa na baridi ile ya kukaza vidole, upepo ukipiga mabati kama kawaida yake, lakini mchana jua limetoka kali na ofisini watu wamevua masweta. Kila mtu amechangamka. Mimi sina raha.

Ninaogopa joto.

Baba yangu anaishi peke yake Kongwa tangu mama afariki. Mwezi wa sita kifua kilimbana, homa ikamlaza, na jirani aliyepita kuazima jembe ndiye aliyemkuta hawezi hata kujigeuza. Alipotoka hospitali nikamleta kwangu. Hakutaka. Ana mbuzi wake, ana nyumba yake ya tembe ambayo kila mwaka kabla ya mvua hupanda mwenyewe kuongeza udongo juu ya paa. Nikamwambia akae mpaka baridi iishe. Akakubali, na tangu hapo wenzangu wakiilalamikia baridi, mimi kimyakimya naiombea iendelee.

Wiki hii nimekuwa nikiukwepa utabiri wa hali ya hewa. Juzi redioni walipofika mikoa ya kanda ya kati, nikajifanya natafuta stesheni yenye kwaya. Baba alinitazama tu, akaendelea na uji wake.

Jana nikaumbuka. Mume wangu, na roho yake nzuri, alikuwa na simu mezani, akamsomea baba utabiri wote kwa sauti: Dodoma na Singida, ubaridi kupungua kuanzia mwisho wa wiki, joto kuongezeka. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza mbele ya baba kwa nini namkanyaga.

Baba akasema vizuri, basi Jumamosi atapanda basi. Kisha akaomba chumvi.

Leo nilipotoka kazini nilimkuta nje anaota jua, koti lake zito amelikunja magotini. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Kifua hakijapona sawasawa. Kongwa kuna vumbi. Hawa watu wa hali ya hewa nao hukosea, asubiri Septemba tuone. Nikaongea mpaka nikaishiwa, halafu nikalia, mtu mzima mwenye watoto wawili. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimekipanga, kwamba naogopa siku ataanguka na hakuna atakayepita kuazima jembe.

Akaliweka koti pembeni.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Kongwa," akasema. "Baridi yake haijawahi kunitoa nyumbani. Nilikaa nikisubiri hofu yako ipungue. Sasa naona nikisubiri iishe kabisa, nitafia hapa kwenu na mbuzi wangu watagawanywa."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Kumbe miezi yote hii nilidhani mimi ndiye ninayemuuguza. Kila usiku nilipokuwa nachungulia mlangoni kusikiliza pumzi zake, yeye alikuwa macho, ananisikia, ananyamaza ili nirudi kulala. Hilo ameniambia leo bila kulikuza, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Nimemwomba jambo moja tu, asipande juu ya paa mpaka nije na mume wangu tumsaidie. Akasema basi tuje mapema, kwa sababu yeye anaweza kutungoja lakini mvua haitatungoja. Sijui kama hiyo ni ahadi. Kwa jinsi ninavyomfahamu, ni nusu yake.

Halafu akanipa koti nimfulie. Wiki nyingi amekuwa akinikatalia, anasema kwenye baridi hii halitakauka na yeye hana lingine.

Nimelifua taratibu kuliko lilivyohitaji. Nimesuuza, nikasuuza tena. Sasa liko kwenye kamba, upepo unaichezea mikono yake, na mimi nimekaa kizingitini na simu naandika haya, nikijiuliza kama nitaweza kumpigia mara moja tu kwa siku bila kumchosha.

Huenda mimi ndiye mtu pekee Dodoma hii anayetamani mawingu leo. Nimetoka kuligusa koti sasa hivi.

Limeanza kukauka.