Kurasa Ulizozipiga Bandi

Mpendwa Baba,

Ungekuwepo ningekupigia simu, nawe ungeniambia nizungumze polepole, maana nikitaka kujua jambo huwa nauliza swali la tatu kabla la kwanza halijajibiwa. Leo hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitauliza mpaka niridhike. Ninachotaka kujua ni hiki: uliwezaje? Ulinizuia vitabu utoto wangu wote na bado nikakupenda, na bado nikawa nakuletea kila nilichokisoma nikusimulie. Mimi nafanya yale yale uliyoyafanya wewe, na mjukuu wako Neema ameacha kuniletea.

Ngoja nikueleze tulipo, maana uliondoka kabla hatujahama. Tuko Omani, mji wa Ibra, mbali kidogo na Maskati. Mkweo Elia anafanya kazi maabara ya hospitali. Watoto nawafundisha mwenyewe nyumbani, Neema na mdogo wake Yona, kwenye meza ile ile tunayolia chakula. Shule ambayo ingewafaa iko mbali, lakini nisikudanganye, hata ingekuwa mlango wa pili ningesita. Nataka wamjue Mungu wangali wadogo, na nataka kujua nini kinaingia vichwani mwao. Kila kitabu nakisoma kwanza. Kila katuni naitazama kwanza, na Yona ameshazoea kunikuta nimekaa peke yangu mbele ya sungura wanaoimba, nimekunja uso kama msimamizi wa mtihani.

Neema ana miaka kumi na mitatu. Zamani akimaliza kitabu alinifuata mpaka jikoni, anasimulia huku mimi nakatakata vitunguu, nikigeuka kuchukua chumvi naye anageuka. Siku hizi nikimuuliza kitabu kilikuwaje, ananijibu, "Kizuri." Nikimuuliza kizuri vipi, anasema, "Si umeshakisoma, mama?" Wala hasemi kwa ujeuri, ndiyo maana inaniuma. Tunashinda meza moja kutwa nzima, naye namwona anakwenda mbali nami.

Ndipo nikaanza kukukumbuka wewe na sindano yako.

Unakumbuka lile sanduku la vitabu la usharika? Wewe ndiye mwinjilisti, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, na mimi ndiye msomaji pekee aliyekuwa analala karibu nalo. Mama alikuwa ameshatutoka, nyumba ilikuwa yako na yangu. Hukuwahi kuniambia kitabu fulani ni marufuku. Ulikisoma kwanza, na ukikuta kurasa ulizoona hazinifai, ulichukua sindano ukazipiga bandi kwenye ukingo wa nje, ile mishono mirefu ya haraka anayoshikizia fundi nguo kabla ya kuitia cherehani. Halafu ulinipa kitabu kizima. Nilikuwa nasoma, nafika kwenye uzi, naruka, naendelea. Nikikuuliza kuna nini humo, ulisema, "Bado." Na siku ikifika, ulikata uzi kwa wembe, ukaniwekea kitabu mapajani, ukasema, "Sasa."

Nilizipenda zile "sasa" kuliko nguo za Krismasi. Na nikimaliza kusoma ulikuwa unauliza, "Umeona nini humo?" Hukuuliza kama nimeelewa. Uliuliza nimeona nini, halafu ukanyamaza kabisa, na wewe kunyamaza ulijua. Mimi namuuliza Neema swali nikiwa tayari nimeshika jibu mkononi.

Lakini kuna kitabu kimoja hukuwahi kukisemea "sasa". Kile chembamba cha jalada la kijani, kilichokuwa kimeng'oka ukurasa wa jina, hata leo sijui kinaitwaje. Kilishonwa katikati, kurasa chache tu. Baba, nilikichungulia. Unanijua. Nilizikunja zile kurasa zikawa kama bomba, nikafumba jicho moja, nikatazama ndani. Niliona "maji ya moto". Niliona "mlango ukafungwa". Niliona "wanawake", kisha neno "kanga". Kwa hayo tu nilijitungia uchafu ambao mwandishi wa kitabu asingeuweza. Miaka yote nikaamini umenificha aibu kubwa ya watu wazima.

Ulipofariki, wajomba walikuwa wanagawana viti, mimi nikachukua kile kitabu. Sikukata uzi. Nimekuja nacho mpaka huku, kimo ndani ya begi juu ya kabati. Ningewezaje kukata wakati neno lako la mwisho kuhusu kitabu hicho lilikuwa "bado"? Na nitakwambia na sababu ya pili: niliogopa nikikata nisikute chochote, na raha ya kujiuliza iishie hapo.

Sasa nikufikishe kwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni jirani yetu, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Aliletwa huku akiwa msichana, na Kiswahili chake kimebaki vile vile alivyokuja nacho. Mimi nikimwamkia shikamoo anafurahi, anasema wajukuu zake wanajua Kiarabu na simu basi. Alipogundua watoto wangu wanashinda nyumbani aliniambia niwapeleke kwake Alhamisi jioni awahadithie. Hadithi za bibi yake, alisema. Nikauliza zina nini ndani. Akasema, "Zina kila kitu. Zina majini, zina wafalme, zina wake wenza."

Baba, ungefanyaje? Hadithi ya mdomo huwezi kuishona. Nikamwendea Jumanne, nikamwambia kwa adabu zote, "Bibi, naomba hadithi ya wiki hii niisikie mimi kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa chai yake ionjwe kwanza. "Wataka kunikagua, mwanangu?"

"Si kukukagua, bibi. Ndivyo tulivyo nyumbani. Hata vitabu nasoma kwanza."

"Wallahi sijapata kuona," akasema, lakini anacheka. "Haya kaa, nkuhadithie. Kahawa ipo, tende zipo."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumanne mimi, Alhamisi watoto. Anamimina kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, nikimaliza ananijazia, mpaka siku aliponihurumia akanionyesha kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Na sikiliza jambo la kuchekesha: hadithi ya Jumanne haikuwa ya Alhamisi. Kwangu jini alikuwa mtanashati mwenye maneno matamu, kwa watoto alikuwa mzee anayepiga chafya. Kwangu mke mwenza alitiwa sumu, kwa watoto alihamia kwa shangazi yake. Kazi yangu yote ya ukaguzi ilikuwa ya bure, kwa sababu bibi yule alikuwa anajikagua mwenyewe kwa kuwatazama watoto usoni. Niliendelea kwenda Jumanne kwa sababu nilikuwa nataka hadithi.

Wiki moja alinihadithia habari ya binti aliyefiwa na mama, akaambiwa mama yake yuko chini ya kisima fulani, akateremka kwa kamba. Alipofika chini, jini mlinzi akamfungulia mlango. Kisha Bi Zuwena akasema, "Akatoka, akarudi kwao, akaolewa, khalas." Nilidhani kachoka. Alhamisi akahadithia vile vile, na tulipokuwa tunarudi nyumbani Neema akanishika mkono wa gauni.

"Mama, bibi karuka."

"Karuka nini?"

"Kule chini ya kisima. Hatukusikia mama yake alimwambia nini. Au umemwambia aruke?"

Nilisimama pale njiani. Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza baada ya muda mrefu, na ndani yake kulikuwa na lawama. Alikuwa anaamini kila kinachokosekana duniani nimekiondoa mimi. Nikamwambia sikusema kitu, na kwamba mimi pia nimerukiwa. Akanitazama kuona kama ni kweli. "Tumuulize," akasema.

Tukageuka hapo hapo. Bi Zuwena alikuwa bado anakusanya vikombe. Neema akamuuliza moja kwa moja, kama mimi ningeuliza, mama yake yule binti alisema nini kule chini. Yule bibi akakaa.

"Alimwambia rudi juu, mwanangu, mimi nshafika. Basi, ni hayo tu." Akapangusa kikombe kilichokuwa kikavu tayari. "Mie mamangu sikumzika. Sisi tulitoka Unguja, yeye akabaki, alikuwa mgonjwa. Bibi yangu hadithi hii aliihadithia yote. Mie nikifika pale namwona yeye, basi naruka. Watoto wadhani nawaficha wao. Najificha mie."

Neema akamwendea akamkumbatia bila kuambiwa na mtu. Mimi nilikuwa pale nimesimama kama nguzo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona ukingo wa kitabu cha kijani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko huku na ndiyo tunayosalia, lakini hatukwenda Maskati kwa ibada, gari lilikuwa gereji. Nikateremsha begi, nikamwita Neema, nikamweleza habari ya sindano yako. Hakuwa anaijua. Alikigeuza kile kitabu, akakiinua dirishani, akasema, "Mama, matundu ni mengi kuliko mishono." Nikavaa miwani. Ni kweli. Ukingo wote ulikuwa umetobolewa tobolewa, matundu makubwa na madogo, na uzi wenyewe ulikuwa wa rangi mbili, mahali mweupe, mahali mweusi. Ulishona ukafumua, Baba, ukashona tena. Mara ngapi? Ulikuwa unangoja nilale?

Nikampa Neema wembe. Akakata, akasoma kwa sauti, mimi nikasikiliza.

Mwanamke ana uchungu wa kuzaa. Wanawake wanaingia na maji ya moto. Mlango unafungwa. Mumewe amekaa nje kwenye gogo, ameshika kanga ya mkewe kwa sababu hana kazi nyingine ya kuipa mikono. Anasikia, halafu hasikii. Mwanamke mmoja anatoka, anaichukua ile kanga mikononi mwa mume na kurudi nayo ndani. Ndipo mume anaelewa kwamba ni ya kumfunikia. Hakuna kingine kwenye zile kurasa. Hakuna aibu yoyote, hakuna neno moja baya.

Neema alipomaliza kusoma alinikuta nalia kwa sauti, mimi ninayewakataza kulia kwa sauti. Akauliza kwa nini. Nikamwambia bibi yake, mama yangu, alikwenda hivyo, yeye na mtoto aliyekuwa anamzaa. Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba bibi aliugua.

"Kwa hiyo na wewe umeruka," akasema.

"Nimeruka."

Hakunilaumu. Alikaa karibu, akauliza jina la mama yangu la utotoni, akauliza kama alikuwa anaimba, akauliza wewe ulipika nini siku ya kwanza tukiwa wawili. Uji, nikasema, ulioungua, na tukaunywa wote bila kusema umeungua. Tulikaa mpaka Elia akaja kuuliza kama leo hakuna chakula.

Tangu siku hiyo nakuwaza tofauti. Nilidhani ulikuwa mlinzi mlangoni, unajua kipi kizuri na kipi kibaya. Sasa nadhani mara nyingine ulikuwa mjane mwenye sindano. Nakuonea huruma, na naona nimekukasirikia kidogo pia, kwa sababu tungeweza kulia pamoja na hatukulia. Je, ile "bado" ulikuwa unaniambia mimi, au unajiambia wewe? Najua hutajibu. Napenda kuuliza tu.

Bado nasoma vitabu kwanza, usidhani nimeacha. Yona ni mdogo, na katuni nyingine ni takataka. Ila wiki hii rafiki yangu wa mji wa Nizwa ametuletea mfuko wa vitabu, na Neema akaomba kimoja akisome kabla yangu. Nikamwachia. Mkono haukutaka, lakini nikamwachia.

Jana amenirudishia, mezani, mbele ya vitunguu. Kurasa kadhaa za katikati amezibana kwa vibanio vyake vya nywele, vile vya rangi rangi. Nikauliza kuna nini humo.

"Bado," akasema. "Kuna mama anaumwa. Hizo tutazisoma wote Ijumaa, nikiwepo. Zilizobaki soma, halafu uniambie umeona nini."

Kitabu kiko hapa ninapoandika. Leo ni Jumatano na sijachungulia, na wewe ndiye unayejua kwangu hilo si jambo dogo.

Lala salama, Baba, na umsalimie mama.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa ninashonewa.