Jina Lililofumwa Chini

Siku ya tatu, mwezi wa kwanza

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Unakula? Kikohozi kimekuachia? Huku wazima, ila baba yako na goti lake, hawaachani. Matandiko ishirini ya farasi yameondoka na msafara, yaje kwako uyauze. Safari hii nimeyafuma kwa yale maandishi ya ukingo wa shali uliyonitumia, mstari mmoja katikati, pale anapokaa mpandaji. Macho yameniuma, lakini yametoka sawasawa. Yakifika niandikie upesi, maana usipoandika silali.

Mama yako


Siku ya kumi na moja, mwezi wa tatu

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimefungwa. Yale maandishi ni jina la Mungu wa watu hawa, Mama! Na watu wamelikalia! Mteja alipolisoma alipiga ukelele, soko zima likanizingira. Mwenyeji wangu, muuza nguo, ndiye aliyenivuta mpaka kwa hakimu, la sivyo wangeniua. Hakimu anataka barua yako: uape kwa Mungu wako kwamba hukujua. Ukiapa, natoka. Andika hivyo tu. Usiongeze neno, nakujua.

Mwanao


Siku ya pili, mwezi wa tano

Mwanangu,

Unakula huko ndani? Baba yako ananiambia, "Mama watoto, apa tu, yaishe." Kalamu nimeishika mara tatu. Siwezi. Nilijua.

Mkuu wa msafara alinisomea shali ile kabla sijatanda uzi hata mmoja. Nikasema, mtoto wangu anaishi kwa Mungu huyu, basi ambebe. Si unajua sisi dua tunaiweka chini? Chini ya godoro la mgonjwa, chini ya mkeka wa mtoto, kwa sababu anayebeba ndiye mkubwa. Jina lake ningeliweka juu, ili mtu ambebe Yeye?

Msomee hakimu yote. Kosa ni langu, wewe hukujua lolote. Mungu wa kwao nimeshamkosea. Nikimdanganya na wetu, utabaki na nani huko? Nisamehe, baba.

Mama yako


Siku ya tano, mwezi wa saba

Mama, shikamoo.

Nilimsihi mkalimani aruke pale pa "nilijua". Akakataa. Hakimu alisikiliza, akaomba arudie maneno ya mkeka wa mtoto. Akasema matandiko yasikaliwe tena, na mimi niende zangu.

Kati ya yote yaliyokusanywa kwake, nimerudishiwa kumi na tisa. La ishirini amebaki nalo. Mwenyeji wangu anasema mke wa hakimu ana mimba ya miezi tisa, na wameshazika watoto wawili.

Mwanao